Gari Lisilo na Paa: Sayansi ya Kufufua MGB Kuukuu Nyumbani

Gari dogo la watu wawili liitwalo MGB, lenye paa la turubai linalokunjwa, lilianza kuuzwa nchini Uingereza mwaka 1962. Liliendelea kuundwa katika kiwanda cha Abingdon, si mbali na mji wa Oxford, hadi mwezi Oktoba 1980. Kwa muda huo yalitoka kiwandani zaidi ya magari 500,000, tukihesabu pia yale ya namna ya GT yenye paa la chuma, ambayo yalianza mwaka 1965. Injini yake ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita 1,798, ni ya kawaida kabisa, na kabureta zake mbili zaweza kufunguliwa kwa bisibisi na spana chache. Ndiyo maana hata leo gari hili ni miongoni mwa magari kuukuu yanayofufuliwa sana na watu wasiokuwa mafundi, katika vibanda vilivyo nyuma ya nyumba zao, jioni baada ya kazi na siku za mapumziko.

Aghalabu watu hao huanza na kile kinachoonekana: rangi, viti, na sehemu za kung'arisha. Utaratibu huo ni wa kinyume. Gari la namna hii laweza kung'aa kama jipya na huku liko karibu kukunjika katikati. Ili kuelewa jambo hili yatupasa kwanza kuuliza ni kitu gani hasa kinachoizuia sehemu ya mbele ya gari isiachane na sehemu ya nyuma.

Nguvu iliyofichwa katika vizingiti

MGA, gari lililotangulia MGB, lilikuwa na chesisi ya chuma iliyo mbali na bodi. MGB halina chesisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe, iliyofinyangwa kwa mabati yenye unene wa takriban milimita 1, ndiyo inayobeba injini, abiria na kani zote zitokazo barabarani. Katika gari lenye paa la chuma, paa hilo pamoja na nguzo za madirisha hufanya kazi pamoja na sakafu, na yote huwa kama sanduku lililofungwa.

Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili mwenyewe kwa sanduku la viatu. Alishike ncha mbili huku kifuniko kimebandikwa vizuri kwa gundi, kisha ajaribu kulisokota. Halafu aondoe kifuniko na kulisokota tena. Sanduku lile lile, la karatasi ile ile, sasa hulegea mkononi. Gari lisilo na paa ni sanduku lisilo na kifuniko. Wahandisi wake hawakuwa na budi kuutafuta ukakamavu mahali pengine, na mahali hapo ni vizingiti viwili vilivyo chini ya milango, pamoja na mhimili wa katikati ya sakafu ambamo hupita shafti.

Kizingiti cha MGB kimejengwa kwa mabati kadhaa: bati la nje linaloonekana, bati la ndani upande wa sakafu, kiwambo kilichosimama kati yao, na utepe mwingine wa bati chini. Kingo zao zimeunganishwa kwa alama nyingi ndogo za kuchomelea. Kwa pamoja hufanya bomba lenye vyumba viwili, na katika ubomba huo ndimo mna siri yote.

Hebu tufikirie bomba la duara lenye kipenyo cha milimita 100 na unene wa milimita 1. Ukilipasua kwa urefu wake kwa mkato mmoja mwembamba, hutakuwa umeondoa chuma chochote cha maana. Uzito wake utabaki takriban ule ule. Lakini uwezo wake wa kukataa kusokotwa hupungua kwa kadiri ambayo mtu asiyefanya hesabu hawezi kuiamini. Kanuni ya mekanika husema kwamba uwiano kati ya bomba zima na bomba lililopasuliwa ni mara tatu ya mraba wa nusu kipenyo gawanya kwa unene. Kwa bomba letu nusu kipenyo ni milimita 50. Basi 50 gawanya kwa 1 ni 50, mraba wake ni 2,500, na mara tatu yake ni 7,500. Yaani bomba lililopasuliwa ni legevu mara 7,500 kuliko bomba zima. Kizingiti cha gari si cha duara, na ncha zake zimeshikwa, kwa hiyo hesabu yake si hiyo hasa. Lakini tabia yake ndiyo hiyo. Anayetaka ushahidi na aviringishe karatasi ngumu, aigundishe iwe bomba, aisokote, kisha aipasue kwa wembe na kuisokota tena.

Kwa sababu hiyo kutu ikila ule ukingo wa chini tu wa kizingiti, mahali ambapo mabati hukutana, hasara yake hailingani na kiasi cha chuma kilicholiwa. Mwenye gari huona tundu jembamba, akasema robo tatu ya bati bado ni nzima. Bati ni zima, naam, lakini bomba halipo tena.

Kwa nini kutu hupenda mahali pale pale

Kutu ni kazi ya umeme. Mahali pamoja juu ya chuma kilicholowa, atomi za chuma huacha elektroni na kuingia majini zikiwa ioni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi mahali pengine, ambako hupokewa na oksijeni pamoja na maji. Mahali pa kwanza huliwa. Mahali pa pili husalimika. Chumvi huyawezesha maji kupitisha umeme kwa wepesi zaidi, na ndiyo maana gari lililokaa Mombasa au Unguja, karibu na upepo wa bahari, na gari la Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, huugua ugonjwa mmoja. Chumvi ni ile ile.

Lililo geni kwa wengi ni hili: sehemu inayoliwa sana si ile iliyo wazi kwa hewa, bali ile iliyonyimwa hewa. Elektroni hupokewa penye oksijeni nyingi, na chuma huyeyuka penye oksijeni haba. Penye oksijeni haba ni wapi? Ni chini ya tope lililoganda, na ndani ya mkunjo wa mabati mawili yaliyobanana. Katika MGB, magurudumu ya mbele hurusha tope ambalo hukusanyika nyuma ya madigadi, juu ya ncha ya kizingiti. Nayo maji yanayovuja katika turubai hushuka hadi chini ya zulia, yakakaa hapo siku nyingi bila kuonekana. Vizingiti vina vitundu vya kutolea maji kwa chini; vikizibwa na tope, kizingiti hugeuka birika.

Kutu hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya mkunjo huvimba na kuyatenganisha mabati, ikikata alama za kuchomelea moja baada ya nyingine. Nayo haikingi chuma kilicho chini yake, tofauti na utando wa alumini. Ni ya vinyweleo, na hunyonya maji. Kuipaka rangi juu ni kuifungia maji ndani.

Kupima kabla ya kukata

Kizingiti kibovu hujulikana kwa mlango. Gari likisimama juu ya magurudumu yake, uzito wa katikati huivuta bodi ishuke, na nafasi iliyo juu, kati ya mlango na bodi, hupungua. Mlango hugoma kufunguka au hukwaruza. Ukiliinua gari kwa jeki chini ya katikati ya kizingiti, ncha zake mbili huning'inia na nafasi ile ile hupanuka. Bodi nzima haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Anayetaka kununua gari na afanye majaribio haya kabla ya kutoa fedha, tena aguse kwa sumaku, kwa maana puti haivutwi na sumaku. Zaidi ya hayo, auchunguze ukingo wa chini asije akauziwa bati jipya lililobandikwa juu ya bati bovu. Ujanja huo ni wa zamani, na mbaya kuliko tundu lililo wazi, kwani humfanya dereva aamini nguvu isiyokuwapo. Gari likigongwa ubavuni, kizingiti hicho ni sehemu kubwa ya kinga iliyopo baina yake na gari jingine.

Sasa tufikie kosa linaloharibu kazi nyingi za nyumbani. Fundi huliweka gari juu ya stendi, hukata kizingiti kibovu, na bodi hushuka milimita chache bila yeye kutambua. Kisha huchomelea kizingiti kipya, kizuri, chenye nguvu. Nguvu hiyo sasa huyashika makosa yale kwa uthabiti: mlango hautafungika tena, na hakuna bawaba itakayoweza kuurekebisha. Kinga yake ni rahisi. Stendi ziwekwe karibu na mahali pa magurudumu, ili bodi ibebe uzito kama inavyoubeba barabarani. Bomba la mraba la chuma lichomelewe kukingama uwazi wa mlango, kutoka mbele hadi nyuma, kabla ya mkato wowote. Vipimo vya uwazi, pamoja na vya pembe kwa pembe, viandikwe. Upande mmoja umalizike kabisa kabla ya kuugusa wa pili. Na kila baada ya hatua mlango urudishwe mahali pake na kufungwa. Kwa kazi hii hakuna kipimo bora kuliko mlango wenyewe.

Madigadi za mbele zimefungwa kwa bolti, hivyo hutoka. Za nyuma zimechomelewa, nazo hufunika sehemu ya kizingiti. Haina budi kuikata sehemu yao ya chini na kuirudisha baadaye. Wengi hukwepa kazi hiyo na kukiishia kizingiti kipya kinapoonekana tu. Kizingiti hicho hakijashika nyuma, na bomba limerudi kuwa wazi.

Bati la milimita 1 hupata joto upesi na kukunjamana, hivyo huchomelewa kwa vipande vifupi, huku na huku, likiachwa kupoa. Alama za kiwandani huigwa kwa kutoboa tundu katika bati la juu na kulijaza chuma kilichoyeyuka mpaka lishikane na la chini. Bati lililopakwa zinki likwanguliwe kwanza, kwa sababu moshi wa zinki huleta homa. Kizingiti kikishafungwa, ndani yake hupulizwa nta ya majimaji inayopenya katika mikunjo.

Vitu vidogo vilivyoota kutu vyaweza kusafishwa kwa umeme. Kitu hutiwa katika maji yenye magadi, yaani sodiamu kaboneti, kikaunganishwa na upande hasi wa chaja ya betri. Kipande cha chuma cha kawaida huunganishwa na upande chanya. Kazi hii ifanyike nje, kwani hutoa hidrojeni, nayo hulipuka. Chuma kisichoshika kutu kisitumiwe upande wa chanya, kwa kuwa hutoa kromiamu yenye sumu. Springi na bolti za chuma kigumu zisitiwe humo kamwe: hidrojeni huingia ndani yake na kuzifanya zivunjike ghafla.

Hatari zisizoonekana

Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na mabaki ya kikombe kimoja yatosha kufikia kiasi hicho. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa katika shimo la gereji. Tangi liondolewe na kupelekwa mbali kabla ya cheche ya kwanza. Kulichomelea nyumbani ni jambo la kuachwa kabisa.

Vitambaa vya breki vya miaka ile vilikuwa na asbesto. Vumbi lake lisipulizwe kwa hewa wala kwa mdomo, bali liloweshwe na kufutwa kwa kitambaa ambacho hufungwa katika mfuko na kutupwa. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 huchemka kwa nyuzi zisizopungua 230 za Selsiasi. Yakinyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho cha chini huwa 155 tu. Katika mteremko mrefu mvuke huzaliwa ndani ya mabomba, na pedali huzama hadi sakafuni. Kwa hiyo gari lililolala miaka mingi hubadilishiwa mafuta, mipira na mabomba, hata kama yanaonekana mazima.

Kuhusu umeme neno moja latosha: magari yaliyoundwa kabla ya mwishoni mwa mwaka 1967 yana upande chanya wa betri uliounganishwa na bodi, kinyume cha desturi ya leo. Redio ya kisasa ikifungwa bila kuangalia hili huungua papo hapo.

Iwapo vizingiti, sakafu na ncha za mbele vyote vimeliwa, kiraka juu ya kiraka si njia. Tangu mwaka 1988 bodi mpya nzima za MGB zilianza kutengenezwa tena nchini Uingereza kwa kutumia kalibu za kiwandani zilizosalia. Bei yake si ndogo, lakini yafaa kuilinganisha na saa mia kadhaa za kuchomelea.

Turubai hufungwa mwisho kabisa, baada ya milango na kioo cha mbele kukaa sawa, kwa kuwa vipimo vyake hufuata hivyo. Kazi hiyo ifanyike siku ya joto. Plastiki yake hulainika na kunyooka bila mikunjo, ambapo siku ya baridi husinyaa na hata kupasuka. Na baada ya mvua turubai liachwe limesimama mpaka likauke, kwa maana likikunjwa bado bichi, maji yake hushuka nyuma ya viti, yakapita chini ya zulia, na kuishia katika vizingiti.