Kuuza Nyumba ya Kupangisha: Pima Fedha, Si Maneno



Baadhi yenu mjini Lilongwe mna nyumba za vyumba vinne au sita vya kupangisha, nanyi mwataka kuziuza. Wanunuzi watataja bei mbalimbali. Je, ipi ni bora?

Tuseme wa kwanza anatoa kwacha milioni 30: nusu sasa, nusu baada ya mwaka. Wa pili anatoa milioni 26 taslimu. Usikimbilie milioni 30. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha. Dola 1 ikapanda kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700. Ikitokea hivyo tena, zile milioni 15 zilizobaki zitanunua dola za takriban milioni 10.4 tu za leo. Jumla ni takriban milioni 25.4. Taslimu imeshinda.

Basi mjibu wa kwanza: lipa zote siku ya kutia sahihi, au ongeza bei. Hati usiitoe kabla fedha hazijaingia benki.

Tena, usimwambie dalali kwamba una haraka. Mwaka 2023 Serikali iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warudi Dzaleka. Anayefukuzwa na tarehe hana nguvu ya kubishana bei.

Nanyi ndugu wa Dzaleka, kumbukeni: ardhi ya kambi si mali ya mkaaji. Anayekuuzia vyumba pale hakuuzii kiwanja. Usilipe bei ya kiwanja.

Piga hesabu kwanza, ndipo mpeane mkono.