Mawe ya Yemeni na Usomaji wa Kurani

Anayetaka kuielewa Kurani huanza na maandiko yenyewe na tafsiri za wanazuoni wa Kiislamu. Lakini upo pia ushahidi wa mawe yaliyochongwa maandishi huko Uarabuni kabla ya Uislamu. Faida yake ni kwamba maneno yake hayakupita mikononi mwa wanakili. Yamebaki kama mchongaji alivyoyaacha.

Tuchukue mfano. Kurani, sura ya 34 aya ya 16, inataja mafuriko ya “al-arim” yaliyowapata watu wa Saba. Wafasiri wa kale walitofautiana juu ya neno hilo: wengine walisema ni bonde, wengine mvua kali, wengine bwawa. Huko Marib, Yemeni, lipo jiwe la mwaka 548 la mfalme Abraha, Mkristo mwenye asili ya Uhabeshi, linaloeleza alivyolitengeneza bwawa kuu lililobomoka. Katika Kisaba, lugha ya jiwe hilo, neno la shina hilohilo lina maana ya bwawa. Jiwe limewaunga mkono wale wa tatu.

Jiwe hilo linaanza kwa kumtaja Rahmanan, Masiya wake na Roho Mtakatifu. Rahmanan ni “Mwenye Rehema”, jina la Mungu lililotumika Yemeni kabla ya Kurani kumwita ar-Rahman. Shina lake tunalo hata katika neno letu “rehema”.

Hata hivyo, jiwe lina mipaka. Mapokeo ya Kiislamu yanamhusisha Abraha na sura ya 105, ya watu wa tembo. Jiwe la Murayghan la mwaka 552 linasimulia vita vyake Uarabuni, bila kutaja Makka wala tembo. Kimya hicho hakithibitishi wala hakikanushi. Vivyo hivyo, jiwe la Pilato lililopatikana Kaisaria mwaka 1961 linatuonesha cheo chake, lakini halisemi kama alinawa mikono. Tusitumie kwa Kurani kipimo tusichokubali kwa Injili.

Hili linatuhusu tunaoishi na Waislamu mtaa mmoja, na pengine ukoo mmoja. Elimu hii si silaha ya mihadhara ya kushindana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unatualika kuwaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja, mwenye rehema. Tujifunze, basi, ili tunapozungumza na jirani tuwe tumekielewa kwanza anachokisoma.