Kompyuta ya Kikundi: Tusome Namba Kabla ya Kulipa

Tuseme kikundi chenu cha wakulima wa ufuta hapa Nyamwage kimeweka akiba. Mmekubaliana kununua kompyuta mpakato, yaani ile inayokunjwa kama kitabu. Kazi zake ni tatu: kuandika barua na mihtasari ya mikutano, kuweka hesabu ya kilo na fedha za kila mwanachama, kutuma na kupokea barua kwa intaneti.

Fedha hizo ni jasho la wengi. Mkinunua kitu kibaya Dar es Salaam, nauli ya kukirudisha mtalipa ninyi. Kwa hiyo tujifunze kuchagua.

Prosesa ni nini?

Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo kiitwacho prosesa. Huo ndio ubongo wake. Hufanya hesabu na kutimiza amri zote. Katika kompyuta mpakato nyingi za siku hizi, prosesa imeunganishwa moja kwa moja na ubao wa ndani. Si rahisi kuibadilisha baadaye. Basi tuchague vizuri tangu dukani.

Jina kubwa lisitudanganye

Kampuni ya Intel ya Marekani hutengeneza prosesa ziitwazo Core i3, i5 na i7. Muuzaji atasema, "Chukua hii, ni i7!" Neno hilo halitoshi. Tazama namba inayofuata. Namba hiyo huonyesha kizazi cha prosesa.

Mfano: i7-4600U ni ya kizazi cha 4. Ilitoka mwaka 2013. Nayo i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Ilitoka mwaka 2017. Ile i7 ina viini 2 vya kufanyia kazi. Hii i5 ina viini 4. Ni kama kulima na watu wanne badala ya wawili. Hapa i5 ni bora kuliko i7.

Namba ikianza na 1, soma tarakimu mbili za kwanza. Kwa hiyo i5-10210U ni ya kizazi cha 10.

Kwa kompyuta iliyotumika yenye prosesa hizi, chagua kizazi cha 8 au zaidi. Kwa nini? Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa kawaida huhitaji Intel Core ya kizazi cha 8 na kuendelea.

Je, mpya ya bei nafuu?

Ipo prosesa iitwayo Intel N100, iliyotoka mwaka 2023. Ina viini 4, na kipimo chake cha umeme ni wati 6 tu. Hiyo inafaa kwa wanaotumia umeme wa jua. Kwa kazi zetu tatu inatosha. Celeron N4020 ina viini 2 tu. Ukifungua kazi nyingi pamoja, itachoka. Gunia moja la ufuta halihitaji lori, lakini pia usilipakie baiskeli mbovu.

Kabla ya kulipa

1. Mwambie muuzaji aiwashe kompyuta, akuonyeshe ukurasa wa sifa zake. Usitegemee kibandiko cha nje. Kibandiko hubandukwa na kubandikwa.
2. Nakili jina lote la prosesa, pamoja na namba.
3. Uliza RAM. Iwe GB 8. Prosesa nzuri yenye RAM ndogo ni mpishi hodari mwenye sufuria ndogo.
4. Uliza kama diski ni SSD. Hiyo huiwahisha kompyuta kuwaka na kufungua kazi.
5. Dai risiti yenye jina la prosesa na muda wa dhamana.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Usiridhike na kuambiwa. Soma mwenyewe.

Maswali

1. Kwa nini prosesa huitwa ubongo wa kompyuta?
2. Prosesa i7-5600U ni ya kizazi cha ngapi? Na i3-8130U je? Kikundi chenu kichague ipi? Kwa nini?
3. Jadilianeni darasani: kikundi chenu kina kazi gani za kompyuta?