MSHAHARA WETU NA UFUNGUO WA SEVA



Zamani siku ya mshahara ilikuwa ya bahasha na foleni dirishani kwa karani. Leo wengi wetu hapa Uganda tunalipwa kwa benki au kwa simu. Majina na fedha huandikwa katika faili, na kompyuta ya ofisi yaweza kuipeleka benki yenyewe, usiku, bila mtu mbele yake. Inafaa tuielewe safari hiyo, maana faili ikikwama, mshahara umekwama.

Njia moja inayotumika sana kupeleka faili kwa usalama ni SSH. Ilitungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Helsinki, Finland, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo. Kompyuta inayopokea, yaani seva, ina ufunguo wake wa utambulisho. Kompyuta ya ofisi huuweka ufunguo huo katika orodha, na kila safari huutazama kwanza. Ni kama tarishi aliyeambiwa asimpe bahasha mtu ila karani anayemjua uso.

Benki ikibadili seva pamoja na ufunguo wake, tarishi hukuta uso mgeni, akarudi na bahasha. Amefanya vema, kwani uso huo waweza kuwa wa mwizi. Lakini asubuhi mishahara haijaenda, na kelele zimeanza. Hapo fundi, kwa haraka, huiamuru kompyuta ikubali ufunguo wo wote. Siku hiyo mishahara itafika, lakini tangu hapo tarishi ni kipofu.

Ufunguo hubadilika hata kwa wakubwa. Tarehe 24 Machi 2023 kampuni ya GitHub ya Marekani ilibadili mmoja wa funguo zake baada ya siri yake kuonekana hadharani kwa muda mfupi. Ilitangaza alama ya ufunguo mpya ili kila mtu alinganishe.

Nasi Kampala tumeonja. Oktoba 2020 wezi waliingia katika mitambo ya kampuni iliyounganisha benki na fedha za simu, na huduma hizo zikasimamishwa. Hatusemi kwamba walipitia njia ya funguo. Tunasema wezi wanajua fedha zetu hupita wapi.

Kwa hiyo wajumbe wetu wadai mambo haya kwa menejimenti:

1. Benki itoe taarifa mapema, kwa maandishi, pamoja na alama ya ufunguo mpya.

2. Alama hiyo ithibitishwe kwa namba ya simu iliyo katika mkataba, si namba iliyokuja na taarifa yenyewe. Watu wawili watie sahihi.

3. Ufunguo mpya uingizwe katika orodha kabla ya siku ya kubadili. Wa zamani ufutwe baada ya kazi kwisha.

4. Faili itumwe siku kadhaa kabla ya malipo, na kompyuta ikikataa, mtu wa zamu apate habari usiku ule ule.

Nasi tuna wajibu wetu. Mshahara ukichelewa kwa sababu hii, tuulize kwa nini taarifa haikutolewa mapema. Tusimshinikize karani afungue mlango bila kutazama nani anabisha, maana fedha zitakazotoka humo ni jasho letu.