Maelekezo ya Kampuni na Ubora wa Video za Watayarishi wa Maudhui: Mtazamo kutoka Kyambogo, Kampala

Kampuni inayotaka kuitangaza chapa yake jijini Kampala haitegemei tena televisheni na redio pekee. Humtafuta pia kijana mwenye simu na wafuasi. Vijana wa aina hiyo hupatikana Kyambogo, katika hosteli na vyumba vya kupanga vinavyokizunguka chuo kikuu kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu. Kampuni hulalamika kwamba video iliyoletwa imepoa, mithili ya tangazo la kifo redioni. Makala haya yanadai kwamba mara nyingi kasoro huanzia katika maelekezo, wala si kwa mtayarishi.

Maelekezo hayo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, yakiwa na maneno ya kukaririwa na sifa saba za bidhaa zilizobanwa ndani ya sekunde thelathini. Kampala ina funzo la zamani kuhusu jambo hili. Katika vibanda vya video, wasimulizi waitwao VJ walizifasiri filamu za kigeni kwa Kiganda, wakichomeka mizaha na mambo ya mitaani. Filamu ilikuwa ya wengine. Sauti ilikuwa ya nyumbani, na watazamaji waliifuata. Vivyo hivyo, mwaka 2014 wimbo wa Eddy Kenzo, “Sitya Loss”, ulisambaa mbali pamoja na video ya watoto wa Ghetto Kids, ambao uchezaji wao haukufanana na tangazo lolote.

Kwa hiyo maelekezo yafaayo hutaja jambo moja ambalo mtazamaji hana budi kulielewa, pamoja na yale yasiyoruhusiwa kusemwa, hasa kuhusu dawa, pombe na mikopo. Lugha, mahali na mzaha huachiwa mtayarishi. Mwenye sabuni anayetaka kuonyesha kwamba kipande kimoja hufua nguo nyingi aombe beseni la nguo lifuliwe mbele ya kamera. Sifa nyingine sita zisubiri. Marekebisho nayo yafanywe katika wazo, kabla ya kurekodi. Kuirudia video iliyokwisha kuhaririwa humla kijana bando, na tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12. Mtazamaji hubeba mzigo huohuo, naye hana sababu ya kusubiri nembo izunguke sekunde tano.

Lililo zito zaidi ni haki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa humwendea aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kijana aliyekubaliana kwa ujumbe wa WhatsApp anaweza kuikuta sura yake ikiuza bidhaa mwaka wa tatu kwa ujira wa siku moja. Anayelijua hilo huleta kazi ya siku moja. Kiolezo cha mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, kinachotaja muda wa matumizi na malipo ya marudio, ni kazi ambayo vyuo vikuu vinaweza kuianza bila kulisubiri Bunge.