Uvungu na Upenyezaji: Jiwe la Mchanga katika Bonde la Ufa la Kati

Mchimba kisima aliye Nakuru hukutana kwanza na majivu ya volkano na mashapo ya ziwa. Ili kuliona jiwe la mchanga lenyewe yapasa kwenda kaskazini-magharibi hadi Bonde la Kerio, ambako tabaka za Kimwarer zimelala juu ya miamba ya kale na kufunikwa na lava.

Sifa mbili za jiwe hilo huchanganywa mara nyingi, na kosa huanzia katika msamiati. Uvungu ni kiasi cha nafasi iliyomo baina ya chembe. Upenyezaji ni wepesi wa maji au mafuta kupita humo. Udongo wa mfinyanzi una uvungu mwingi, walakini hupitisha maji kwa shida, kwani vijia vyake ni vyembamba mno. Neno "vinyweleo", lililoazimwa kutoka ngozini, lataja tundu tu, wala halisemi kama tundu hilo lina mlango wa pili. Istilahi moja ikitumiwa kwa sifa zote mbili, kisima chaweza kuchimbwa katika mwamba uliojaa maji yasiyotoka. Kizio cha upenyezaji, dasi, kimepewa jina la Mfaransa Henry Darcy, aliyechapisha mwaka 1856 majaribio yake ya kupitisha maji katika mchanga huko Dijon.

Asili ya chembe huamua mengi. Mchanga uliomomonyoka kutoka miamba ya kale una kwatsi na feldispa tele. Kwatsi ni ngumu, haipondeki upesi tabaka za juu zinapoilemea. Feldispa huyeyuka na kuacha matundu mapya; lakini mara nyingi hugeuka kaolini, nayo ikaganda papo hapo: uvungu ukabaki, njia ikafa. Mchanga wa volkano una udhaifu zaidi, kwa kuwa kioo chake, katika maji ya magadi kama ya maziwa ya Bonde la Ufa, hugeuka zeoliti na udongo.

Mageuko hayo, tangu mchanga kutua hadi kabla ya joto kali kuugeuza mwamba wote, huitwa dayajenesisi. Si yote yaharibuyo. Kalisaiti iliyoganda mapema huzuia chembe zisisongamane, na ikiyeyuka baadaye njia hufunguka.

Mafuta yaliyogunduliwa Lokichar, Turkana, mwaka 2012 yamo katika mawe ya mchanga. Huko Menengai, ambako uchimbaji wa visima vya mvuke ulianza mwaka 2011, mvuke hupita hasa katika nyufa za lava. Upenyezaji ni ule ule. Kilichobadilika ni njia.