Wastani wa darasa huficha nini? Sanduku na masharubu yatoa jibu

Na Mwandishi Wetu

MZAZI anapoambiwa kuwa darasa la mwanawe limepata wastani wa alama 50 katika hisabati, hudhani ameelezwa hali ya darasa zima. Kumbe ameelezwa sehemu ndogo tu, kwani madarasa mawili yanaweza kuwa na wastani uleule ilhali katika mojawapo wako watoto walioachwa nyuma kabisa.

Tuchukue mfano wa mikondo miwili yenye wanafunzi 11 kila mmoja. Alama za Mkondo A ni 42, 45, 47, 48, 49, 50, 51, 52, 53, 55 na 58. Za Mkondo B ni 12, 18, 22, 30, 38, 47, 60, 71, 79, 84 na 89. Ukijumlisha, kila mkondo una alama 550, na wastani wa kila mmoja ni 50.

Tofauti hiyo inayofichwa na wastani huonekana mara moja katika mchoro uitwao grafu ya sanduku na masharubu. Mchoro huo ulienezwa na mtakwimu wa Marekani, John Tukey, hasa kupitia kitabu chake cha mwaka 1977. Viwango vya masomo vilivyotolewa nchini humo mwaka 2010, na kupokewa na majimbo mengi, vinataka ufundishwe kuanzia darasa la sita, kwa watoto wa miaka 11 au 12.

Jinsi unavyochorwa

Kwanza, alama hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Kisha hutafutwa namba ya katikati, yaani mediani. Kwa wanafunzi 11, mediani ni alama ya mwanafunzi wa sita. Baada ya hapo hutafutwa katikati ya nusu ya chini, ambaye ni mwanafunzi wa tatu, na katikati ya nusu ya juu, ambaye ni wa tisa.

Katika Mkondo B alama hizo tatu ni 22, 47 na 79. Sanduku huchorwa kutoka 22 hadi 79, na mstari wa mediani hupita ndani yake kwenye 47. Mstari mmoja hutoka sandukuni kushoto hadi 12, na mwingine kulia hadi 89. Mistari hiyo miwili ndiyo masharubu.

Sanduku la Mkondo A linaanzia 47 na kuishia 53, upana wa alama sita tu. La Mkondo B lina upana wa alama 57. Hapo hata asiyependa hesabu ataona kuwa mikondo hii haifanani.

Mtego kwa wanafunzi

Hata hivyo, kuchora ni rahisi kuliko kusoma. Mwanafunzi akiona sehemu ndefu ya sanduku, hufikiri ndiyo yenye watu wengi. Katika Mkondo B, sehemu ndefu kuliko zote ni ya kutoka 47 hadi 79, lakini kati ya alama hizo wamo wanafunzi wawili tu, sawa na walio chini ya 22, walio kati ya 22 na 47, na walio juu ya 79. Urefu hauonyeshi wingi wa watu, bali jinsi walivyotawanyika.

Mwaka 2004 watafiti Arthur Bakker, Rolf Biehler na Clifford Konold walitahadharisha kuwa mchoro huu una ugumu wake kwa watoto, kwa kuwa humficha mwanafunzi mmoja mmoja.

Njia mojawapo ya kuukwepa mtego huo ni kuanza na watoto wenyewe. Mwalimu huchora mstari wa namba sakafuni kwa chaki, na kila mtoto husimama kwenye alama aliyopewa. Wakishampata wa katikati na wale wawili wa robo, sanduku huchorwa kuwazunguka. Baadaye, ubaoni, nukta za wanafunzi wote huachwa juu ya sanduku, na hufutwa pale tu darasa linapoweza kueleza zilipokuwa.

Kwa nini mzazi ajali

Katika matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora. Pamoja na hayo, wazazi wengi bado huzipima shule kwa namba moja.

Mwalimu wa Mkondo A anaweza kufundisha darasa zima kwa pamoja. Wa Mkondo B akifanya hivyo, wale watatu wenye alama 22 au chini yake wataendelea kuachwa, na wastani hautawataja kamwe.

Kwa hiyo, katika kikao kijacho cha wazazi, pamoja na kuuliza wastani ni ngapi, inafaa kuuliza pia: robo ya chini ya darasa imeishia alama ngapi, na inasaidiwaje?